Rangi ya Santuri na Haki ya Sauti

Uzuri wa mkakasi, walisema wahenga, ndani kipande cha mti. Kwa methali hiyo walituonya tusidanganywe na nakshi ya chombo tukasahau kutazama kilichomo. Onyo hilo ni jema, na aliyelifuata hajapata kujuta sana. Walakini liko jambo moja ambalo methali haikulisema. Tufanye nini na chombo ambacho nakshi yake ni nzuri, na kilichomo ndani yake ni kizuri vile vile? Mtu akikipenda kwa ajili ya nakshi, amekosa? Na akikifungia kabatini kwa kuogopa nakshi isichubuke, asikifungue kamwe, amekitendea haki?

Swali hili laweza kuulizwa juu ya vitu vingi. Mimi nimechagua kuliuliza juu ya kitu ambacho wengi watakiona kidogo mno kwa mizani ya maadili, yaani santuri za rangi zitolewazo na bendi huru za Marekani na Uingereza. Bendi huru ni zile zisizofungwa na makampuni makubwa ya muziki. Hujilipia zenyewe gharama zao, au hutegemea kampuni ndogo ya watu wachache waupendao muziki wao. Santuri zao hutoka nyekundu, buluu, manjano, nyeupe kama maziwa, angavu kama kioo, au zenye madoa kama manyoya ya kanga. Hutoka chache: 300, 500, au 1,000. Wapenzi wake huzitafuta kwa hamu kubwa, na wasiozipenda huwacheka, wakiwafananisha na watoto wavutwao na kila king'aacho. Ni haki tukipime kicheko hicho kabla ya kukiunga mkono.

Kwanza tujue rangi hiyo ni kitu gani. Santuri za kale, zilizozunguka kiasi cha mara 78 kwa dakika, zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu wadogo wa India na nchi jirani, uliochanganywa na unga wa mawe. Ndizo zilizobeba sauti ya Siti binti Saad alipovuka bahari kwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Zilikuwa nzito, na zikianguka zilivunjika kama kigae. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilileta santuri ndefu ya vinili, izungukayo mara 33 na theluthi kwa dakika. Mwaka uliofuata kampuni ya RCA Victor ikaleta santuri ndogo ya mara 45. Sasa vinili kwa asili yake haina weusi. Ni plastiki isiyo na rangi, na weusi tuuonao ni masizi laini yaliyotiwa kidogo kiwandani ili kuipa nguvu na kuficha dosari zake. Kwa hiyo yule asemaye kuwa santuri nyeusi ndiyo ya asili, na kwamba nyingine zimepakwa wanja, amesahau kuwa hata nyeusi imepakwa. Weusi nao ni rangi iliyochaguliwa na mtu. Tofauti ni kuwa umezoeleka.

Namna ya kuitengeneza ni hii. Donge la vinili ya moto huwekwa katikati ya mihuri miwili ya chuma yenye mistari ya sauti, likabanwa kwa nguvu nyingi mpaka likawa bapa, kisha ukingo uliozidi hukatwa. Mwenye kutaka madoa hubandika punje za rangi nyingine juu ya donge kabla ya kulibana, na mbano hutawanya punje hizo kila upande. Hapana mtu awezaye kuamuru doa liende wapi. Kwa sababu hiyo santuri mbili za madoa hazifanani kabisa, hata zikitoka katika mashine moja kwa saa moja.

Je, rangi huongeza chochote katika sauti? Haiongezi. Sindano ni kipofu. Haijui kama inapita juu ya buluu au juu ya nyeusi. Santuri ya rangi iliyotengenezwa kwa uangalifu hulia karibu sawasawa na nyeusi, na ile yenye picha iliyochapwa ndani yake aghalabu hulia vibaya zaidi, kwa mchakacho mwingi. Iliyo angavu kama kioo humsumbua hata mwenye kuicheza, maana jicho halioni upesi mahali wimbo mmoja unapoishia na mwingine kuanza. Basi mpenzi wa santuri za rangi hawezi kujitetea kwa hoja ya sikio. Akitaka kujitetea, sharti atafute hoja nyingine.

Historia inampa somo gumu kabla haijampa hoja. RCA Victor ilipoleta santuri zake ndogo mwaka 1949, ilizitoa kwa rangi mbalimbali, na kila rangi ilikuwa na maana. Nyekundu ilikuwa ya muziki wa kale wa Ulaya, kijani ya nyimbo za mashambani za Wazungu wa Marekani, manjano ya watoto, na rangi ya chungwa iliyokaribia wekundu ilikuwa ya nyimbo za watu weusi. Mwuza duka angeweza kuzipanga bila kusoma neno. Tukumbuke kwamba nchi hiyo siku zile iliwapanga hata wanadamu vivyo hivyo, katika mabasi, katika shule na katika mikahawa. Santuri ya kijani ilikwenda kwa Eddy Arnold, na ya chungwa ilikwenda kwa Arthur Crudup, mpiga gitaa mweusi kutoka Mississippi, na wimbo wake uitwao "That's All Right". Mwaka 1954 kijana Elvis Presley aliurekodi wimbo ule ule mjini Memphis katika kampuni ndogo ya Sun, nao ukawa mlango wa umaarufu wake. Crudup aliendelea kutafuta riziki kwa kazi za jasho. Alidai kwa miaka mingi malipo ya nyimbo alizotunga, na alikufa mwaka 1974 bila kupata sehemu kubwa ya haki yake.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha jambo. Santuri ya Crudup ilikuwa ya rangi nzuri, na yeye alikuwa mkono mtupu. Rangi ile hakuichagua yeye. Alipewa, kama mtu apewavyo namba. Haikumtambulisha alivyokuwa, ila ilionyesha rafu atakayowekwa dukani. Uzuri ulikuwapo, haki haikuwapo. Tangu hapo mtu hana ruhusa ya kusema kwamba rangi ni njema au ni mbaya kwa yenyewe. Kwanza hatuna budi kuuliza nani aliichagua, kwa ajili gani, na nani aliyelipwa.

Tukiuliza maswali hayo mbele ya bendi huru, jibu hubadilika. Bendi hizo hazikuanza kwa rangi. Buzzcocks wa Manchester walikopa paundi 500 kwa jamaa na marafiki, wakatoa santuri yao ya kwanza mwezi wa Januari 1977, nakala 1,000, bila idhini ya kampuni yoyote kubwa. Mjini Washington vijana wa Teen Idles walikuwa wameweka akiba ya dola 600 hivi kutokana na maonyesho yao. Bendi ilipovunjika mwaka 1980 hawakugawana fedha hizo. Walizitumia kutoa santuri ya nyimbo zao, wakakata majalada, wakayakunja na kuyagundisha kwa mikono yao wenyewe, na hivyo kampuni ndogo ya Dischord ikazaliwa. Uzuri wa vitu vile ulikuwa katika alama za mikono iliyovitengeneza. Rangi ilipokuja baadaye, ilikuja kama mojawapo ya alama hizo.

Mjini Seattle kampuni changa ya Sub Pop ilitoa mwaka 1988 santuri ya bendi ya Mudhoney kwa rangi ya hudhurungi, nakala mia chache tu. Mwaka 1989 ilitoa albamu ya kwanza ya Nirvana, "Bleach", na nakala 1,000 za mwanzo zilikuwa nyeupe. Gharama ya kuirekodi albamu hiyo ilikuwa dola 606 na senti 17. Watu wale hawakuwa na fedha za kutangaza katika magazeti makubwa wala redioni. Walichoweza ni kumwambia mnunuzi kwa njia ya rangi: tumekufikiria kabla hujatufikiria. Sikatai kuwa ilikuwa pia hila ya biashara. Wenyewe walijua kuwa kichache hutamaniwa. Lakini uchache ule ulikuwa na mzizi wa kweli. Mwenye dola mia sita hatoi nakala milioni.

Kwa hiyo hoja ya kwanza ya mpenzi wa santuri za rangi ni kwamba rangi hiyo ni uamuzi wa watu anaowafahamu. Sisi tuliolelewa katika nyumba zenye doti za kanga hatuna haki ya kulishangaa jambo hili. Kanga hununuliwa kwa jina lake na kwa rangi yake pamoja, na mwanamke aliyelipenda jina hupindua doti moja baada ya nyingine mpaka apate rangi iliyo yake. Hapana amwambiaye kwamba amedharau maneno kwa kuchagua rangi. Neno limempata kwa njia ya jicho, nalo halikupungua.

Hoja ya pili ni ya malipo, nayo ina uzito zaidi. Siku hizi nyimbo husikilizwa kwa intaneti, na wimbo ukisikilizwa mara moja humletea mwenyewe sehemu ndogo ya senti moja ya dola. Bendi yenye wasikilizaji elfu chache haiwezi kununua hata nyuzi za gitaa kwa mapato hayo. Santuri moja huuzwa aghalabu kwa dola 25 au zaidi, na ikiuzwa mlangoni mwa ukumbi usiku wa onyesho, faida yake huingia mifukoni mwa waliotoka jasho jukwaani. Mkono mtupu haulambwi. Rangi humshawishi msikilizaji alipe kwa furaha deni ambalo angalilipa kwa kusitasita, au asingalilipa kabisa. Kwa Crudup rangi ilikuwako na malipo hayakuwako. Hapa rangi ndiyo iletayo malipo. Nani atakayeiita rangi ya namna hii upuuzi?

Lakini haifai kumtetea mtu mpaka tukamficha dhambi zake. Mwaka 2022 santuri za vinili ziliuzwa Marekani kiasi cha milioni 41, zikazipita sahani za siidii kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1987. Wakati huo huo utafiti wa shirika la Luminate ulionyesha kwamba kati ya Wamarekani walionunua santuri katika muda wa mwaka mmoja, nusu tu walikuwa na mashine ya kuzichezea. Nusu nyingine walinunua sauti ambayo hawakuwa na njia ya kuifungua. Humo wamo waliozitundika ukutani kama picha, na wamo walanguzi wanaozihifadhi katika karatasi zake za kiwandani wakingoja bei ipande. "Bleach" nyeupe huuzwa leo kwa bei kubwa, na katika biashara hiyo ya mkono wa pili wanamuziki hawapati kitu.

Yasemwa kwamba mwenye mali hufanya apendavyo kwa mali yake. Kwa kitu kilicho tele neno hili laweza kupita. Mwenye kununua mfuko wa chumvi akauacha uyeyuke hajamnyima jirani chumvi. Lakini kitu kichache kina sheria nyingine. Tuseme bendi imetoa santuri 300 za zambarau, na wapenzi wake ni 500. Kila mmoja katika wale 300 ameketi mahali ambapo mwingine angalipenda kuketi. Kukaa si kosa, maana lazima mtu akae. Walakini anayekaa safu ya mbele katika ukumbi mdogo kisha akalala usingizi, hata asipovunja sheria yoyote ya serikali, amemdhulumu yule aliyesimama nje mlangoni akitega sikio. Uchache unampa mwenye kitu furaha ya kuwa nacho, na papo hapo unamtwika dhamana ambayo mwenye kitu cha kawaida hana. Asiyetaka dhamana hiyo anunue nyeusi.

Huenda msomaji akajibu kwamba wimbo wenyewe haukufichwa. Uko katika intaneti, na aliyekosa santuri ya zambarau anaweza kuusikiliza saa yoyote. Ni kweli, na ndiyo maana dhuluma ninayoisema ni ndogo. Siilinganishi na kumnyima mtu chakula. Lakini jibu hilo linatufundisha pia kumhukumu kwa upole yule asiye na mashine. Akiwa anausikiliza wimbo kwa intaneti kila jioni, na amenunua santuri ili bendi ipate kula, sauti imepata msikilizaji wake na mwenye sauti amepata ujira wake. Huyo hana hatia, hata santuri yake ikining'inia ukutani miaka 20. Mwenye hatia ni yule asiyeijua hata sauti iliyomo, aliyevutwa na rangi na namba ya nakala, na ambaye angalinunua vivyo hivyo santuri isiyo na kitu ndani kama ingalikuwa adimu. Kitu kilichoumbwa kisikike amekifanya bubu. Haki ya sauti ni kusikilizwa, na haki hiyo haifutwi na risiti ya duka.

Wako pia watu wanaoipenda sauti kwa kweli na hata hivyo hawaichezi, kwa hofu. Wanajua kwamba kila sindano inapopita huondoa chembe isiyoonekana, na kwamba vumbi na alama za vidole haziepukiki. Ninawaelewa, ila sikubaliani nao. Mkeka huchakaa kwa kulaliwa na ngoma huchakaa kwa kupigwa. Santuri iliyochakaa kwa kuchezwa ina michubuko ya heshima, na mchakacho wake mdogo ni ushahidi kwamba imeishi na mtu.

Hatia nyingine iko upande wa watoaji. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Makampuni makubwa yalipoona kuwa rangi inauza, yaliichukua desturi ya wadogo na kuikuza mpaka ikageuka sura. Mwaka 2022 albamu "Midnights" ya Taylor Swift ilitolewa katika santuri za rangi nne, na migongo ya majalada yake manne ikiunganishwa hufanya uso wa saa, hata mpenzi mwenye moja akajiona ana robo ya kitu. Nyimbo za msingi zilikuwa zile zile. Mwaka 2024 mwimbaji Billie Eilish alilalamika hadharani juu ya desturi ya kutoa matoleo mengi ya santuri moja ili kuongeza mauzo, akiita upotevu. Naye alisema kweli, maana vinili ni plastiki itokanayo na mafuta na klorini, nayo haiozi. Kadhalika bendi huru zenyewe hazijasalimika. Ziko ambazo, kwa nyimbo kumi zile zile, hutoa rangi tano na kuwataka wapenzi wao wachache wazinunue zote. Hapo rangi imeacha kuwa shukrani na imekuwa kodi.

Kwa hiyo kuna uchache wa aina mbili, na busara yote ya jambo hili ni kuzipambanua. Uko uchache wa unyonge: watu wana fedha za nakala 300, na wamezifanya nzuri kadiri ya uwezo wao. Na uko uchache wa hila: watu wana uwezo wa kutoa nakala laki moja, wakazigawa katika mafungu ishirini na kuliita kila fungu adimu. Jicho halitambui tofauti, kwa sababu zambarau ya hila hung'aa sawa na zambarau ya unyonge. Anayetambua ni mtu aliyejishughulisha kuwafahamu watengenezaji, na hilo haliwezekani bila kuwasikiliza.

Viwanda vingine siku hizi husaga vipande vilivyokatwa pembezoni mwa santuri na kuvitumia tena. Santuri zitokanazo na mabaki hayo hupata rangi isiyotabirika, mara kijivu, mara kahawia yenye michirizi ya kijani, na mnunuzi hupokea iliyomwangukia. Sijui santuri za rangi zinazonipendeza zaidi ya hizo. Hazikuomba plastiki mpya, haziwezi kukusanywa zikatimia, na hakuna mlanguzi awezaye kusema ipi ndiyo bora.

Je, ni kosa kupenda santuri kwa rangi yake? Si kosa. Mwanadamu hakupewa jicho ili alifumbe kila anapotumia sikio, na shukrani iliyovaa vizuri haipungui kuwa shukrani. Lakini mwenye kununua na ajiulize mambo matatu kabla ya kutoa fedha: kama aliyeichagua rangi ndiye aliyeimba, kama fedha itamfikia, na kama yeye mnunuzi atausikiliza wimbo. Akijibu ndiyo mara tatu, achukue ya zambarau bila kuona haya, aende nayo nyumbani, na aicheze usiku huo huo.